Macho Hayana Pazia, Lakini Kamera Inaweza Kuwekewa

Katika miaka ya karibuni kamera za ulinzi zimeenea katika mikahawa ya visiwa vyetu. Zipo katika hoteli kubwa za Nungwi na Paje, zipo katika mikahawa ya Mji Mkongwe, na sasa zinaonekana hata katika vyumba vidogo vya kuuzia chai na chapati, ambavyo zamani ulinzi wake wote ulikuwa ni jicho la mwenye biashara mwenyewe. Jambo hili limekuja kimya kimya, mkahawa mmoja baada ya mwingine, na kwa sababu hiyo suali la msingi halijaulizwa kwa sauti: mtu anapoingia kula chakula chake na kukilipia, je, ameuza pia picha ya uso wake?

Tunasema mapema kwamba hatukusudii kuwalaumu wafanyabiashara, wala hatudai kuwa kamera ni uovu. Tunachotaka kukieleza ni kwamba haki mbili zimekutana chini ya dari moja, haki ya mwenye mali kuilinda mali yake na haki ya mgeni kusitiriwa, na kwamba inawezekana kabisa kuzitimiza zote mbili. Kinachohitajika ni utaratibu, na utaratibu huo ni jukumu la wenye mikahawa pamoja na maofisa wanaowapa leseni.

Sisi watu wa visiwani si wageni wa mambo ya picha. Televisheni Zanzibar ilirusha picha za rangi tangu miaka ya 1970, wakati ndugu zetu wa Bara walisubiri hadi miaka ya 1990 kupata televisheni yao. Mhandisi wa Kijerumani, Walter Bruch, ambaye baadaye alibuni mfumo wa televisheni ya rangi unaoitwa PAL, ndiye huyo huyo aliyefunga kamera za kutazamia kwa mbali huko Peenemünde mwaka 1942, ili wahandisi waone roketi zikiruka bila ya kuhatarisha maisha yao. Chombo hiki basi kilianza kwa kutazama chuma na moto. Leo kinamtazama mtu akimenya samaki wake. Tofauti hiyo ni kubwa, na inastahili kufikiriwa.

HAKI YA MWENYE MALI

Mkahawa ni biashara ya fedha ndogo ndogo zinazopita mikono mingi. Mteja humlipa mhudumu, mhudumu humpelekea keshia, keshia hutoa chenji, na usiku hesabu hufungwa. Stoo mna mchele, mafuta, pweza na kamba, vitu vyenye bei na vyenye miguu. Aidha, mikahawa yetu hupokea wageni wengi. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea zaidi ya watalii 700,000, idadi kubwa kwa nchi ambayo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakaazi 1,889,773. Mgeni akipoteza mkoba wake juu ya kiti, hasara si yake peke yake. Ni hasara ya jina la kisiwa.

Lazima tukiri pia kwamba kamera humtetea mnyonge mara nyingine. Mhudumu anayesingiziwa kuwa ameficha noti ya mteja anaweza kusafishwa na picha ya dakika moja. Mzozo wa nani amelipa na nani hajalipa unaweza kumalizika bila ya kupelekana kituoni. Kwa hiyo anayesema kamera zote zing'olewe hatakuwa amewatendea haki wenye mali, wala wafanyakazi.

Lakini tutazame vizuri mifano hiyo yote. Keshia yupo kwenye kaunta. Stoo ina mlango. Mwizi wa mkoba hana budi kuingia na kutoka kwa njia. Karibu kila jambo ambalo mwenye mkahawa anahitaji kulilinda lina mahali pake panapojulikana, na mahali hapo si kinywani mwa mteja.

KAMERA HAIPIGI HODI

Baadhi ya mikahawa yetu ina chumba au pembe iliyozibwa kwa pazia kwa ajili ya familia. Mwanamke anayevaa nikabu hawezi kula bila ya kuifunua. Huchagua chumba kile, hukaa akiupa mgongo mlango, hulivuta pazia, kisha hula kwa utulivu. Mumewe na watoto wake wametosheka kwamba heshima ya mama yao imehifadhiwa. Ikiwa juu ya dari pana jicho jeusi linalorekodi, pazia lile ni la udanganyifu. Wateja waliokaa hatua tatu kutoka kwake hawamwoni, lakini anaweza kuonwa na mtu aliyeshika simu mjini, au ng'ambo ya bahari, ambaye hamjui wala hakumruhusu.

Mfikirie pia mgonjwa au msafiri ambaye dini imemruhusu kufungua, naye anakula nyuma ya pazia mchana wa Ramadhani. Wafikirie wazee wa pande mbili wanaozungumza posa juu ya kahawa, kabla mambo hayajaiva. Mfikirie mtu anayemeza dawa ambazo hataki jirani azijue. Hakuna hata mmoja miongoni mwao anayetenda kosa. Wale wanaopenda kusema kuwa asiye na kosa hana cha kuficha wanasahau kwamba desturi yetu haikumtaka mtu afiche makosa tu. Ilimtaka pia asitiri mambo yake mema.

Katika vyuo vyetu tulifundishwa adabu ya kupiga hodi kabla hatujajua kusoma vizuri. Sura ya Nur, aya ya 27, inakataza kuingia nyumba ya mtu bila ya kutaka idhini, na Sura ya Hujurat, aya ya 12, inakataza watu kupelelezana. Mkahawa si nyumba ya mtu, hilo ni kweli, na anayekula hadharani anajua kuwa wenziwe watamwona. Lakini jirani wa meza ya pili hukuona mara moja akasahau. Kamera hukuona, ikakumbuka, ikaweza kumwonyesha mwengine. Wahenga walisema macho hayana pazia. Kamera inaweza kuwekewa pazia, na ndiyo maana mwenye kuifunga hana udhuru.

SHERIA INASEMAJE

Suala hili si la adabu peke yake. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, katika kifungu cha 15, inalinda nafsi na maisha binafsi ya kila mtu, na Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inafanya hivyo katika ibara ya 16. Juu ya msingi huo Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023. Tume ya kuisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili, 2024. Sheria hiyo inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili, awe na sababu halali iliyo wazi, achukue kiasi cha haja yake tu, asikae nazo kupita muda unaohitajika, na azilinde zisivuje. Picha ya uso inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi kama lilivyo jina lake.

Hata hivyo, sheria hiyo imejiwekea mpaka. Kwa upande wa Zanzibar haihusu mambo yasiyokuwa ya Muungano, na leseni za mikahawa pamoja na utalii wetu si mambo ya Muungano. Wanasheria wanaweza kushindana kwa muda mrefu juu ya mahali hasa mpaka huo unapopita katika mkahawa wa Malindi au wa Chake Chake. Mwanamke aliye nyuma ya pazia hawezi kuwasubiri wamalize. Kifungu cha 15 kipo, kinawahusu watu wote, na vyombo vyetu vya kutoa leseni vina uwezo wa kukitekeleza kwa masharti rahisi.

Wenzetu nao wamepitia njia hii. Nchini Kenya, mwezi wa Septemba 2023, ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliutoza mkahawa mmoja wa Nairobi faini ya shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuitangaza picha ya mteja katika mtandao wa kijamii bila ya ridhaa yake. Sheria yao ni ya mwaka 2019. Mwenye mkahawa huko amejifunza kwamba kumuuzia mtu kinywaji hakumpi haki ya kuuza sura yake.

Huko Ulaya, wanakotoka wageni wetu wengi, Kanuni ya jumla ya ulinzi wa data inafanya kazi tangu tarehe 25 Mei, 2018. Nchini Ujerumani mamlaka zinazohusika zina msimamo kwamba sehemu ya meza, ambako wateja hukaa, hula na kuzungumza, kwa kawaida haifai kurekodiwa. Mgeni aliyezoea ulinzi huo kwao akija kwetu na kuona kamera juu ya sahani yake, atajiuliza kama ukarimu tunaousifu katika matangazo unaishia uwanja wa ndege.

Kuna pia kesi moja inayowahusu wafanyakazi. Mwaka 2009, katika duka moja kubwa la vyakula nchini Hispania, meneja aligundua upungufu mkubwa wa fedha. Alifunga kamera za wazi milangoni na kamera za siri kwa makeshia, na baada ya siku kumi wafanyakazi kadhaa wakafukuzwa kazi kwa wizi. Shauri lilifika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mjini Strasbourg, ambayo tarehe 17 Oktoba, 2019 iliamua, kwa kura 14 dhidi ya 3, kwamba haki ya faragha ya wafanyakazi hao haikuvunjwa.

Baadhi ya waajiri hufurahia hukumu kama hii bila ya kuisoma hadi mwisho. Mahakama ilitazama kwamba palikuwa na shaka ya kweli ya wizi mkubwa, kwamba kamera zililenga sehemu ya malipo tu, kwamba zilirekodi kwa siku chache, na kwamba watu waliozitazama picha walikuwa wachache. Mwenye mkahawa ambaye hana upungufu wowote katika hesabu zake, naye amewawekea wahudumu kamera mwaka mzima, hadi mahali wanapobadilisha nguo, hana ngao katika hukumu hiyo.

YANAYOWEZEKANA KUFANYWA

Jambo la kwanza ni mahali. Kamera ielekezwe mlangoni, kwenye kaunta ya malipo, na mlangoni mwa stoo. Isielekezwe mezani, na kamwe isiwekwe katika chumba cha familia, chooni, sehemu ya kutawadhia au ya kusalia, wala wafanyakazi wanapobadilisha nguo. Hata kwa keshia, isimtazame mteja anapobonyeza namba ya siri ya kadi au simu yake. Pale ambapo ukumbi ni mdogo na meza haziepukiki, kamera nyingi za siku hizi zina uwezo wa kuziba sehemu ya picha kwa kivuli cheusi. Fundi anayejua kuifunga kamera anajua na kuiwekea kivuli hicho. Aombwe tu.

Jambo la pili ni sauti. Kamera nyingi zinazouzwa sasa zina kinasa sauti ndani yake. Mwizi hakamatwi kwa mazungumzo ya watu wanaokula, kwa hiyo kinasa hicho kizimwe.

Jambo la tatu ni tangazo. Tangazo la mlangoni ndiyo hodi ya kamera. Liandikwe kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa lugha za wageni, kwa maneno machache: hapa pana kamera mlangoni na kwa keshia, meza hazirekodiwi, picha hufutwa baada ya siku tatu, mwenye suali amwone meneja. Gharama yake ni ubao na rangi. Msomaji atakayeliona kabla ya kuingia atakuwa na hiari ya kuingia au kwenda kwengine, na hiari hiyo ndiyo heshima tunayoizungumzia.

Jambo la nne ni muda. Watu wengi hudhani picha ni kama mpunga, kwamba akiba haiozi. Picha za watu ni akiba inayooza. Kila siku inayopita manufaa yake kwa mwenye mkahawa hupungua na khatari yake kwa mteja hubaki. Mwongozo wa Bodi ya Ulaya ya Ulinzi wa Data unaeleza kwamba kadiri picha zinavyowekwa kwa muda mrefu, hasa zaidi ya saa 72, ndivyo mwenye nazo anavyopaswa kutoa sababu nzito zaidi. Kipimo hicho kinafaa hapa petu. Mkahawa hufunga hesabu zake kila usiku, na upungufu ukitokea hujulikana siku hiyo hiyo au kesho yake. Siku tatu zinatosha. Likitokea tukio, kipande chake kiwekwe kando hadi kesi iishe, na vilivyobaki vifutwe.

Jambo la tano ni ufunguo. Mwezi wa Novemba 2014 ofisi ya Kamishna wa Habari ya Uingereza ilitoa onyo kuhusu tovuti iliyokuwa ikionyesha picha za moja kwa moja kutoka maelfu ya kamera za watu katika nchi nyingi. Waliofanya hivyo hawakuhitaji ujuzi mkubwa, kwani wenye kamera waliziacha na nywila zilezile za kiwandani, ambazo kila mtu anaweza kuzijua. Ni sawa na kujenga nyumba kisha kuacha ufunguo juu ya kizingiti. Basi nywila ibadilishwe siku ya kwanza, watu wanaoruhusiwa kutazama wawe wawili au watatu wanaojulikana kwa majina, na fundi akimaliza kazi yake asibaki na njia ya kuingilia. Picha ya mteja isitolewe kwenye simu ya mfanyakazi wala kupelekwa katika makundi ya mitandao, hata kwa mzaha. Mzaha wa dakika moja unaweza kuvunja ndoa ya miaka ishirini.

NENO KWA WAHESHIMIWA MAOFISA

Tumewaeleza wenye mikahawa wajibu wao. Hatutakuwa waadilifu tusipowageukia maofisa wa Serikali.

Kwanza, masharti haya yaingizwe katika leseni. Kamisheni ya Utalii, mabaraza ya manispaa na mabaraza ya miji yana wakaguzi wanaotazama usafi wa jiko na milango ya dharura. Mkaguzi huyo huyo anaweza kutazama kamera imeelekea wapi, tangazo lipo au halipo, na picha za zamani zimefutwa au bado. Kazi hiyo haihitaji ofisi mpya wala gari jipya. Inahitaji karatasi moja ya maelekezo, na inahitaji mkaguzi aelimishwe kwanza ndipo aelimishe, kabla ya kufikiria kutoza faini.

Pili, na hili ni zito zaidi, kamera ya mkahawa isigeuzwe kuwa kamera ya cheo. Mwenye mkahawa ni mtu mdogo mbele ya ofisa. Akipigiwa simu usiku na mkubwa anayetaka kujua fulani alikula na nani, atakuwa na ushujaa gani wa kukataa, na leseni yake ipo mikononi mwa wakubwa? Hapo ndipo chombo kilichonunuliwa kwa ajili ya wizi wa chenji kinapogeuka kuwa chombo cha fitina. Polisi wana haki na wajibu wa kuchunguza makosa ya jinai, na raia ana wajibu wa kuwasaidia. Lakini maombi yao yawe ya maandishi, yataje cheo cha anayeomba, tukio, siku na saa, na kinachotolewa kiwe ni kipande hicho tu. Mwenye mkahawa aandike katika daftari nani alichukua nini na lini. Daftari hilo litamlinda raia, litamlinda mwenye mkahawa, na litamlinda hata ofisa mwaminifu asije akatiliwa shaka kwa makosa ya ofisa mwengine.

Tatu, mpaka ulioachwa na sheria ya mwaka 2022 ufafanuliwe. Ikiwa mikahawa yetu imo ndani ya sheria ile, wananchi waambiwe waziwazi na Tume ifike hadi Wete na Mkoani. Ikiwa haimo, basi Baraza la Wawakilishi lina uwezo wa kuujaza ufa huo, na kifungu cha 15 cha Katiba kinalipa sababu ya kufanya hivyo.

Mikahawa yetu imekuwa kwa muda mrefu mahali ambapo mvuvi, karani, mwalimu wa skuli na mgeni wa mbali hukaa karibu na kula kwa utulivu. Wafanyabiashara wanaweza kuulinda utulivu huo bila ya kupoteza hata shilingi moja ya mauzo yao, kwa kuigeuza kamera kutoka mezani kuielekeza mlangoni. Ni kazi ya ngazi, fundi mmoja na robo saa. Tunawaomba waifanye wiki hii, bila ya kungojea amri, na tunawaomba maofisa wahakikishe kwamba atakayeifanya leo kwa hiari yake hatabaki peke yake kesho.